Direkti ya Saa Kumi na Mbili

Siku ya kwanza treni ilipopita Beribuge bila kusimama, watu wa Beribuge walicheka. Walidhani dereva amelala. Siku ya pili walidhani amelewa. Siku ya tatu mama mmoja akasema labda amekufa, na maiti yake ndiyo inayoendesha. Wakacheka tena, ila kicheko cha siku ya tatu kilikuwa kimeanza kuishiwa mafuta. Siku ya nne hakucheka mtu, maana waume walifika nyumbani giza limekwisha kuingia, viatu mkononi.

Ilikuwa treni ya wafanyakazi, mabehewa manne ya mbao. Asubuhi iliondoka Karieri, kule wanakovunja mawe, ikaufuata mto Lukuga mpaka Kalemie, jioni ikarudi. Njiani palikuwa na vituo vitatu, na vyote vitatu Wabelgiji walivipa majina ya Wabelgiji. Hiki kimoja kiliitwa Verbruggen, kwa ajili ya fundi wa reli ambaye hakuna aliyemkumbuka ila kwa tumbo lake. Vinywa vya watu vililitafuna jina hilo miaka hamsini mpaka likalainika, likawa Beribuge. Sasa ulikuwa ule mwaka wa majina. Kila mtu aliambiwa na serikali atupe jina la padri achukue la babu yake, na vituo navyo viliambiwa hivyo hivyo. Ilunga, shefu wa selile, tawi dogo la chama, aliandika barua kituo kiitwe kwa jina la babu yake. Watu wa ng'ambo ya reli wakaandika barua yao, kiitwe kwa jina la babu yao. Barua zote mbili zilikwenda Kinshasa, na labda mpaka leo zinatafutana huko. Zilipokuwa zikitafutana, mtu fulani kwenye biro, ofisi ya reli, alishika rula na kalamu nyekundu akakata majina yote matatu. Treni ikabaki na mwanzo na mwisho tu. Watu wakaiita Direkti, ya moja kwa moja.

Goti la Papa Salomon halikuipenda Direkti. Lilikuwa goti la kushoto. Robota la pamba liliangukia hapo kiwandani mjini, na tangu siku hiyo goti lilijua mvua kabla ya mawingu. Ili kwenda kazini sasa ilimpasa mtu atembee kilomita tisa kurudi nyuma mpaka Karieri, apande treni, apite mbele ya nyumba yake mwenyewe, aende Kalemie. Jioni apite tena nyumba yake, auone moshi wa bukari lake, ugali wa mihogo, apelekwe Karieri, arudi kwa miguu. Kwenda moja kwa moja mjini kwa miguu kulikuwa kubaya zaidi: kilomita kumi na nane, na nyingine kumi na nane za kurudi. Wiki ya pili goti likavimba kama papai.

"Bertille," Salomon akamwambia mke wake, "nitakuwa nalala kwa Ignace."

Ignace alikuwa binamu yake wa Moba, aliyepanga mjini.

"Ignace iko na chumba kimoja na watoto sita."

"Nitakuwa wa saba."

Mama Bertille akamkunjia mkeka. Wao wenyewe watoto wao walikwisha kuoa na kuolewa, na nyumba ilikuwa imebaki na watu wawili na redio moja iliyokufa. Kila Jumamosi Salomon alirudi juu ya lori la makala, yaani mkaa, mweusi kuliko makala yenyewe. Jumapili jioni lori likamrudisha.

Jumamosi ya tatu Bertille alichukua shati la kazi la mumewe alipeleke mtoni. Akalinusa kwanza, kwa maana mwanamke hufua kwa pua kabla ya mikono. Shati lilikuwa safi. Lilikuwa na mstari wa pasi kwenye mkono, na lilinukia sabuni ya duka, ile ya waridi inayofungwa kwenye karatasi. Bertille maisha yake yote alifua kwa sabuni ya mawese aliyoipika mwenyewe, nyeusi kama dhambi, yenye harufu ya kazi.

"Nani alifua hii?"

"Ignace."

"Na pasi?"

"Njo Ignace, ndiye yule yule."

"Ignace yule siku ya ndoa yake alivaa shati ndani kukawa inje?"

Salomon akaliangalia goti lake, kana kwamba goti ndilo lililoulizwa.

"Watu wanageuka, Bertille. Tuko kwenye mapinduzi."

Jumamosi ya nne lori la makala lilifika bila Salomon. Dereva alishusha salamu: goti linauma, atakuja wiki ijayo. Bertille akashukuru kwa salamu. Alipika bukari la watu wawili kama kawaida ya mikono yake, akala la kwanza, akaketi akilitazama la pili mpaka likafanya ngozi. Miaka ishirini na sita ya ndoa ilikuwa inaondoka kwa kalamu nyekundu ya mtu asiyemjua hata sura.

Jumatatu alifunga karanga za kukaanga kwenye kitambaa, akaitandaza mihogo yake nyuma ya nyumba ilingoje jua, akaanza safari ya kwenda mjini kwa kuupa mji mgongo.

*

Behewani hapakuwa na nafasi ya kuketi. Pembeni yake alisimama Papa Damien, jirani yake, aliyefanya kazi mashine moja na Salomon na aliyekuwa angali na magoti yake yote mawili.

"Mama Bertille! Unakwenda kumuona bwana?"

"Nakwenda kuona treni, Damien. Wanasema ni muzuri sana ndani."

"Utaona. Saa nzima na kitu bila kusimama. Juzi Papa mumoja mukojo ulimukamata hapa, akabakia anaimba wimbo za kanisa mpaka Kalemie."

Treni ilijitikisa, ikaenda. Baada ya dakika ishirini Bertille akaona kitu alichokifahamu: mti wake wa mawese. Halafu paa la jirani. Halafu nyumba yake mwenyewe, ikija mbio kama mtu mwenye habari. Na nyuma ya nyumba, juu ya mihogo yake aliyoitandaza usiku haujaisha vizuri, alisimama mbuzi wa Ilunga, anakula kwa utulivu wa mtu aliyealikwa.

"We! We mbuzi! Toka!" Bertille alipiga kelele dirishani. "Damien, sema wasimamishe!"

"Niseme kwa nani, Mama?"

Mbuzi aliinua kichwa, akaitazama treni, akamtazama Bertille machoni, akainama kuendelea. Behewa zima lilicheka. Nyumba ikabaki nyuma. Bertille aliambiwa pole na watu wengi mpaka Kalemie, na kila pole ilikuja na kicheko ndani yake kama jiwe ndani ya wali.

*

Hakumtafuta Salomon. Mwanamke anayemtafuta mume wake mjini humkuta, na hilo ndilo baya lake. Alitaka kwenda biro ya reli tu. Lakini biro zilifunguliwa saa mbili, na miguu, isiyojua adabu, ikampeleka kwanza mbele ya lango la kiwanda.

Wafanyakazi walikwisha kuingia. Alibaki mwanamke mmoja nyuma ya meza ndogo na karai la mafuta, anakaanga mandazi ya wanaochelewa. Alikuwa mnene wa kupendeza, na uso wa mtu asiyeamka vibaya. Bertille akanunua ndazi moja. Mkono ulipomkabidhi, pua ilimwambia kabla ya macho: waridi.

"Karibu kwenye kiti, Mama mukubwa," mwanamke akasema. "Unatoka mbali?"

"Mbali kidogo. Wanakuita nani, mudogo wangu?"

"Kapinga."

"Biashara inatembea, Kapinga?"

"Inatembea. Tangu treni inapita direkti, watu wengi wanabakia mujini. Hata kwangu naweka Papa mumoja wa kiwanda. Goti yake ilikuwa kama kichwa ya mutoto. Kwa binamu yake alikuwa analala chini ya meza! Nikaona huruma."

"Huruma ni kitu muzuri."

"Sasa inapona. Namukanda na maji moto ya chumvi mangaribi na asubui. Ni muntu wa kimya. Anasema bibi yake anaikala pahali treni haifike."

"Maskini. Ni mbali sana?"

"Kilomita kumi na nane."

"Ah," akasema Bertille, "hapo ni mbali kweli."

Akauma ndazi. Lilikuwa zuri, na hilo lilimuudhi kuliko yote. Alikuwa angali analitafuta kosa ndani ya lile ndazi filimbi ilipolia kutoka biro ya zone, ofisi ya wilaya: saa moja na nusu, bendera inapanda.

Mji ulisimama. Baiskeli zilisimama. Lori lililobeba saruji lilifunga breki katikati ya barabara, dereva akaruka chini na kusimama wima, mikono kwenye mapaja. Mlinzi wa lango aligeuka mti. Mwaka ule aliyetikisika wakati wa bendera alikwenda kueleza kutikisika kwake mbele ya askari, na maelezo yalichukua siku tatu. Kapinga alisimama na kijiko hewani. Ndani ya karai mandazi manne yalianza kuwa mekundu, yakawa ya kahawia, yakaanza kutoa moshi. Kapinga aliyatazama kwa pembe ya jicho. Chozi likamtoka, la moshi au la hasara. Kidole hakikucheza.

Filimbi ikalia tena. "Yesu wangu, mandazi yangu!" akapiga kelele Kapinga, kisha akaziba mdomo, maana hilo nalo lilikuwa jina la zamani.

Bertille akamsaidia kuyaopoa. Yalikuwa makaa.

*

Karani wa biro ya reli alikuwa kijana mwenye abakosi mpya, lile koti la chama lisilovaliwa tai, iliyomkaba shingo.

"Nimekuja juu ya kituo yetu, Papa."

"Hapa hakuna Papa. Kuna sitwayeni, raia."

"Nimekuja juu ya kituo yetu, sitwayeni. Treni haisimame kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Beribuge."

Karani alishusha kidole kwenye liste, orodha ya vituo, polepole, kama anayetafuta chawa.

"Haiko."

"Iko. Nimetoka kule leo."

"Nasema haiko kwenye liste. Kitu hakiko kwenye liste, treni itasimama wapi? Porini?"

"Itasimama pale ilisimama miaka makumi tano."

"Ile ilikuwa ukoloni. Na wewe jina yako nani?"

"Bertille."

"Jina hiyo imekufa."

Kwenye karata, kadi yake ya chama, waliandika Feza, nalo Feza lilikuwa jina zuri. Lakini siku hiyo Bertille hakujisikia kuwa Feza.

"Basi mimi na kituo tuko sawasawa, sitwayeni," akasema. "Walitukata majina siku moja. Lakini mimi, watu wakinikuta kwenye njia, wanasimama."

Watu waliopanga mstari walicheka. Karani hakucheka. Akamwambia amngoje shefu, tena asimame karibu na mlango, viti ni vya wenye dosie, wenye faili zao. Bertille alisimama mpaka saa sita. Shefu alifika saa sita, akatoka kwa mlango mwingine saa sita na robo. Karanga alizomletea shefu zilikuwa mezani. Karani alizila moja moja huku akipiga mihuri, akayapuliza maganda upande wa mlango.

"Rudi na barua," akasema mwishoni, "yenye jina la kituo."

"Jina gani?"

"Lile Kinshasa itakubali."

"Na kama Kinshasa inakawia?"

"Basi mungoje. Nchi yote inangoja. Ninyi munajiona nani?"

Jioni akapanda Direkti, akabanwa dirishani. Ilipata saa kumi na mbili treni ilipoufikia mti wake wa mawese. Safari hii hakuiangalia nyumba. Aliangalia shule, iliyojificha nyuma ya mipera, mwendo kidogo kutoka relini. Kati ya majani aliona rangi ya kijani ikishuka. Mwalimu Théophile alikuwa anateremsha bendera, peke yake, kwa saa yake, kama kila siku. Treni ikapita kwa kelele zake zote bila adabu yoyote, maana dereva hakuiona.

Bertille alianza kucheka peke yake. Damien akamuuliza kuna nini.

"Nakumbuka mandazi," akasema.

*

Alipofika kwa miguu kutoka Karieri alimkuta Ilunga uwanjani kwake, anafunga mbuzi.

"Mama Bertille, juu ya mihogo, mimi niko tayari tuongee kama watu..."

"Mihogo gani, Shefu? Wacha mbuzi akule, ni mbuzi wa chama. Mimi nimekuja na uoga mwingine."

Ilunga akaacha kamba. Katika miaka ile neno uoga lilisikilizwa vizuri.

"Leo nilikuwa ndani ya treni. Mangaribi tumepita hapa, bendera inashuka, na treni yote inapita bila kusimama. Watu mia mbili, Shefu! Wengine wanakula karanga. Nikasikia mumoja anauliza, hapa shefu wa selile ni nani, bendera yake anaificha nyuma ya mapera?"

"Nani alisema?"

"Muntu wa abakosi. Sikumujua." Abakosi ilikuwepo kweli siku hiyo, kule kwenye biro ya reli; Bertille aliisogeza tu kidogo mpaka behewani.

Ilunga alikaa juu ya kinu. Akasimama.

"Mwalimu njo aliipanda pale."

"Watauliza mwalimu ao watauliza shefu?"

Mbuzi akalia. Ilunga akamtazama mbuzi kwa chuki.

"Ungekuwa wewe, Mama, ungeipanda wapi?"

"Mimi ni mwanamuke, najua nini? Labda karibu na reli. Karibu kabisa, hata kipofu akiwa dereva aione. Na asubui, mujini wanapandisha saa moja na nusu, wakubwa wanaamuka polepole. Sisi tupandishe saa kumi na mbili na dakika tano. Tuwapite kwa mapendo ya inchi."

Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya watu wote. Watu wote wa Beribuge, na wa ng'ambo ya reli pia, walichimba, wakabeba nguzo mabegani, wakaipanda hatua tatu kutoka relini, pale lilipokuwa jukwaa la kituo. Jukwaa lenyewe halikuwepo tena. Tangu treni iache kusimama watu walikuwa wameyachukua mawe yake kutengeneza mafiga. Bertille mwenyewe alichukua matatu, tena yale makubwa.

Lori la makala lilifika jioni ile bila Salomon.

*

Jumatatu asubuhi nguzo ilikuwa bado inangoja kamba; saa kumi na mbili ya magharibi Beribuge yote ilikuwa pale, imevaa nguo zilizofuliwa. Treni ilionekana kwenye kona. Mwalimu Théophile alipuliza filimbi kwa mapafu ya miaka kumi ya ualimu, akashika kamba.

Dereva aliitwa Barnabé. Alikuwa ameendesha treni miaka kumi na mmoja na hajawahi kufungwa, na alitaka kuendelea hivyo hivyo. Aliona bendera, aliona watu mia wamesimama wima, akavuta breki kwa mikono miwili. Magurudumu yalilia kama nguruwe. Treni ikasimama, behewa la pili mbele ya nguzo kabisa. Barnabé akashuka, akasimama wima kando ya mashine yake.

Ndani ya mabehewa nako watu walisimama wima. Papa Damien alikuwa mlangoni, mguu mmoja umekwisha kuinuka kushuka, akauacha hewani. Bendera ilishuka. Ndege walisikika. Mama Agathe, mke wa Damien, alimwona mume wake mikono miwili kutoka kwake na hakuthubutu hata kupepesa.

Bendera ikafika chini, filimbi ikalia, Barnabé akarukia mashine yake kama mtu aliyeponea, na kabla Damien hajaukumbusha mguu wake kazi yake treni ilikuwa inakwenda.

"Damien! Ruka!" alipiga kelele Mama Agathe.

"Niruke nivunjike?" ilijibu sauti ya Damien, ikielekea Karieri. "Munitunzie bukari!"

Watu wakamtazama Bertille. Ilunga pia akamtazama, na katika macho ya Ilunga kitu kilianza kuelewa kwamba kilikuwa kimechezewa.

"Mwalimu," akasema Bertille upesi, "bendera hiyo unaikunja namna gani?"

"Nakunja tu."

"Unakunja kama shuka ya kitanda! Bendera inakunjwa polepole, kona juu ya kona. Na filimbi ya mwisho inapigwa bendera ikifika wapi, ikishuka ao ikimaliza kukunjwa?"

Théophile alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, na mke wake aliuza samaki wa ndagala mjini na kurudi kwa treni hiyo.

"Kitabu hakisemi," akajibu.

"Kama kitabu hakisemi, tufuate heshima iliyo kubwa."

Siku ya pili iliendeshwa hivyo. Bendera ikashuka, Théophile akaipokea mikononi, akapiga filimbi fupi. Watu, waliokwisha kuonywa asubuhi na mapema na Damien, wakashuka kama mchwa. Kisha mwalimu akaanza kukunja, kona juu ya kona. Barnabé alikuwa wima kando ya mashine. Aliangalia watu wanavyoshuka, akaangalia bendera isiyokwisha kukunjwa, akaelewa. Mdomo wake ulicheza kidogo. Lakini hakuna sheria ya kumfunga dereva anayekawia kuheshimu, ipo ya anayewahi kuacha, akazidi kujinyoosha. Dakika nne. Filimbi ya mwisho. Treni ikaenda nyepesi.

Bertille alihesabu waume wote waliorudi. Salomon hakuwemo.

Siku iliyofuata hakuwemo. Na iliyofuata.

"Anajua?" akamuuliza Damien.

"Anajua, Mama. Nilimwambia mara tatu. Anasema goti."

"Goti haitembei tena. Treni inasimama mulangoni pake."

Damien akakuna sikio. Bertille hakumbana zaidi. Damien alikuwa mtu mzuri, na watu wazuri wakibanwa hutoa uongo mbaya. Usiku ule kitandani hakujidanganya. Mpaka hapo alikuwa amepigana na treni. Treni ilikuwa imesimama. Sasa ilijulikana wazi nani asiyesimama.

Asubuhi alikata kipande cha sabuni yake nyeusi, ukubwa wa kiganja, akakifunga kwenye jani la mgomba.

"Umupe Salomon," akamwambia Damien mlangoni mwa behewa, Théophile akipandisha bendera nyuma yao polepole kama anayevuta ndoo kisimani.

"Nimwambie nini?"

"Usiseme kitu. Sabuni inajua kusema."

*

Ijumaa alikuja karani. Alikuja na treni yenyewe, amekaa behewa la kwanza na kalamu tayari, kwa sababu Direkti ilikuwa inachelewa Karieri dakika nne kila siku na hakuna aliyeandika kwa nini. Filimbi ilipolia akasimama wima kama wote. Kona juu ya kona. Jasho lilimshuka ndani ya abakosi. Filimbi ya mwisho ilipolia alikuwa chini, mbele ya Ilunga.

"Nani ametoa ruhusa treni isimame hapa?"

Kwa siku tano Ilunga alikuwa amepata wakati wa kuelewa yote, na pia wakati wa kupongezwa na mkubwa mmoja wa chama kwa bidii yake. Akakohoa.

"Sitwayeni, unauliza nani alitoa ruhusa ya bendera?"

"Sisemi bendera!" Karani akatazama pande zote. "Nasema treni."

"Treni haikusimama juu yetu. Ilisimama juu ya heshima ya bendera. Wewe pia ulisimama, nilikuona. Ulisimama muzuri."

Karani akafungua daftari. "Nitaandika raporo. Hapa panaitwa nani?"

Watu wa upande huu na wa ng'ambo walimtazama Bertille, wote pamoja, bila barua.

"Hapana jina, sitwayeni," akasema Bertille. "Si ulinionyesha liste? Haiko."

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Karani alifikiri, na kila mtu aliona anafikiri. Ataandika nini? Treni imesimama mahali ambapo hapapo? Imecheleweshwa na bendera ya taifa? Nani angetia sahihi chini ya maneno hayo? Akafunga daftari. Akamtambua mwanamke wa karanga, akataka kusema neno, na Barnabé akapiga honi. Akakimbia kupanda.

*

Jumamosi ya wiki iliyofuata kiwanda kilifunga mapema, lakini treni haikubadili saa yake. Saa kumi na mbili bendera ilishuka, mwalimu akaipokea, watu wakaanza kuteremka. Mlangoni mwa behewa la pili alibaki mtu mmoja, kofia mkononi na mkeka kwapani. Alikuwa na shati lililokunjamana.

"Bertille," akasema Salomon.

"Njo mimi."

"Ni juu sana hapa. Zamani palikuwa jukwaa."

"Palikuwa."

"Nani alichukua mawe?"

"Watu."

Goti la kushoto lilijaribu kushuka, likakataa. Théophile alikuwa amefika kona ya tatu. Alianza kukunjua ili akunje upya. Hakuna aliyesogea kumsaidia Salomon. Watu walikuwa wanajua kuheshimu zaidi ya bendera.

"Nimeleta sabuni yako," akasema, akatoa lile jani mfukoni.

"Uliitumikisha?"

"Bado. Shati hili halijafuliwa tangu siku ulinitumia. Kapinga..." Akalimeza jina. "Yule mama alitaka kulifua. Nikakataa. Akaniuliza bibi yangu anafanana namna gani. Nikamwambia. Akaketi chini. Akasema, kumbe ndiye yule Mama mukubwa alikula ndazi langu akanisaidia kuopoa yaliyoungua. Akanifungia mukeka mwenyewe."

Bertille alikwenda nyumbani kwa Ilunga, nyumba ya kwanza kutoka relini, hakukimbia hata kidogo. Treni nzima ilingoja. Akarudi anabingirisha kinu, akakigeuza kichwa chini mbele ya mlango wa behewa. Mama mkwe wake angekuwa hai angepiga yowe: kinu hakikanyagwi.

"Kanyaga," akasema.

Salomon akaweka mguu mzima juu ya kinu, halafu ule mwingine, akashika bega la mke wake, akashuka. Bertille akainama kidogo kwenye shati, akanusa. Jasho, makala, mafuta ya mashine. Wiki nzima ya uchafu.

"Hii itachukua sabuni yote," akasema. "Na utaifua wewe."

"Ndiyo, Mama."

"Twende. Bukari ya leo ni ya muntu mumoja. Tutaona."

Wakaondoka wakifuata njia ya mawese, Bertille mbele na mkeka, Salomon nyuma na goti. Théophile alikuwa amekwisha kukunja mara mbili. Akaipuliza filimbi ya mwisho, akaitia bendera kwapani na kwenda zake. Watu nao wakatawanyika. Karibu na reli hakubaki mtu, ila Barnabé kando ya mashine yake, wima, mkono kwenye kofia, anaipigia saluti nguzo tupu mpaka wale wawili walipofika mlangoni.